Folda Inapokataa Kufunguka: Haki za Mafaili katika Kompyuta Iliyokwisha Kutumika

Si jambo geni siku hizi kwa shule ya sekondari kununua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mashine hufika, huwashwa, na kwa siku chache za mwanzo mambo huenda vyema. Kisha mwalimu mmoja hutaka kufungua folda fulani iliyomo katika diski, pengine ili aondoe mafaili ya mwenye mashine wa zamani na kupata nafasi ya kuweka maksi za wanafunzi. Abonyezapo, kompyuta humjibu kwa Kiingereza: “Access is denied”, yaani hana ruhusa ya kuingia. Mwalimu hushangaa. Mashine ni mali ya shule, stakabadhi ya malipo ipo, na hakuna mtu mwingine aitumiaye. Ni nani basi anayemkataza?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na kueleza jinsi ya kuliondoa katazo hilo bila kuiharibu mashine. Tutatumia mfano wa mfumo wa uendeshaji uitwao Windows, kwa kuwa ndio unaokutwa mara nyingi zaidi katika kompyuta za namna hii. Misingi yenyewe, hata hivyo, inahusu karibu kila kompyuta itumiwayo na watu zaidi ya mmoja.

Asili ya kufuli hili

Kompyuta za mwanzo hazikuwa na haja ya kufuli ndani ya diski. Mtu mmoja alipewa mashine kwa muda wake, akafanya kazi yake, akamwachia mwingine. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1960, watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mfumo uitwao CTSS, ulioonyeshwa mwaka 1961 katika chuo cha MIT huko Marekani chini ya uongozi wa Fernando Corbató, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo. Hapo likazuka swali jipya: kama kazi za watu wengi zimo katika hifadhi moja, mtu atazuiwaje asisome au asifute kazi ya mwenzake? CTSS ilitumia maneno ya siri. Mfumo ulioufuata, Multics, ukaongeza jambo kubwa zaidi: kila faili liliwekewa orodha ya watu wanaoruhusiwa kulifikia, na kiasi cha ruhusa ya kila mmoja.

Kompyuta ndogo za mezani zilizoenea katika miaka ya 1980 zilirudi nyuma katika jambo hili. Zilikusudiwa kutumiwa na mtu mmoja, na namna yake ya kupanga mafaili katika diski, iitwayo FAT, haikuwa na mahali pa kuandika jina la mmiliki wala haki zake. Yeyote aliyeketi mbele ya mashine aliweza kusoma, kubadili na kufuta kila kitu. Mwaka 1993 ilitolewa Windows NT ikiwa na mpango mpya wa diski uitwao NTFS, wenye orodha ya haki kwa kila faili na kila folda. Mpango huo uliingia katika kompyuta za nyumbani kwa wingi baada ya Windows XP kutolewa mwaka 2001, na ndio utumikao hadi leo. Basi katazo analolikuta mwalimu wetu ni mjukuu wa mawazo ya miaka ya 1960.

Ghala, mtunza ghala na daftari

Ili kuelewa jinsi orodha hiyo inavyofanya kazi, natufikirie ghala la shule. Ndani yake mna makabati mengi. Makabati hayana kufuli, lakini mlangoni ameketi mtunza ghala mwenye daftari. Kwa kila kabati daftari limeandikwa mambo mawili: kwanza, ni nani mwenye kabati; pili, ni akina nani wanaoruhusiwa kulifungua, na kwa kazi gani. Mwalimu wa kemia anaruhusiwa kuchukua na kurudisha vifaa. Mwanafunzi kiongozi anaruhusiwa kutazama tu. Wengine hawatajwi, na asiyetajwa haingii.

Katika kompyuta, ghala ni diski, makabati ni folda, na mtunza ghala ni mfumo wa uendeshaji. Kila programu itakapo kufungua faili hapana budi impitie yeye. Naye hulinganisha jina la mwombaji na orodha ya haki ya faili lile, kisha hukubali au hukataa. Haki zenyewe ni za namna mbalimbali: kusoma, kuandika, kuendesha programu, kufuta, kubadili orodha ya haki, na kutwaa umiliki. Mtu anaweza kuwa na mojawapo bila ya kuwa na nyingine.

Mambo matatu yapasa kukumbukwa kuhusu daftari hili. La kwanza, folda iliyoundwa ndani ya folda nyingine aghalabu hurithi orodha ya haki ya mzazi wake. La pili, katika orodha moja, katazo lililoandikwa waziwazi huwa na nguvu kuliko ruhusa ya ngazi ileile. La tatu, mmiliki wa folda huweza daima kuibadili orodha ya haki, hata kama orodha hiyo kwa wakati huo haimruhusu yeye mwenyewe kusoma kilichomo. Jambo hili la tatu ndilo ufunguo wa tiba tutakayoieleza.

Jina si mtu: nambari ya utambulisho

Sasa tufikie kiini cha tatizo la kompyuta iliyokwisha kutumika. Mtunza ghala wetu haandiki majina katika daftari lake; huandika nambari. Kila mtumiaji anapoandikishwa katika Windows hupewa nambari ndefu ya utambulisho ianzayo na S-1-5-21, ikifuatwa na mafungu matatu ya tarakimu yanayoitambulisha mashine, na mwishoni nambari ya mtumiaji mwenyewe, ambayo kwa watumiaji wa kawaida huanzia 1000 na kuendelea. Mafungu yale matatu kwa pamoja yanaweza kupangwa kwa njia 2 kwa kipeo cha 96, yaani idadi yenye tarakimu 29. Kwa hiyo ni vigumu mno mashine mbili zilizotayarishwa kila moja peke yake zipate nambari moja kwa bahati.

Matokeo yake ni haya. Tuseme mwenye kompyuta wa zamani aliandikishwa kwa jina la “Ofisi”, nawe baada ya kuweka Windows mpya ukajiandikisha pia kwa jina la “Ofisi”. Kwa macho ya binadamu majina ni mamoja. Kwa macho ya mashine ninyi ni watu wawili wasiojuana. Ni kama mkuu mpya wa shule aliyefika na kukuta daftari la ghala limejaa nambari za majalada ya walimu waliokwisha kuhamishwa. Cheo anacho, lakini nambari yake haimo. Ukitazama orodha ya haki ya folda ya namna hiyo utakuta mahali pa jina pameandikwa “Account Unknown”, na nambari ndefu ya mtu ambaye mashine haimjui tena.

Kuna nambari chache, hata hivyo, zilizo sawa katika kila mashine ya Windows duniani. Kundi la wasimamizi ni S-1-5-32-544, na kundi la “kila mtu” ni S-1-1-0. Jambo hili lina manufaa kwa mnunuzi wa mashine iliyotoka ng'ambo. Katika Windows ya Kijerumani kundi la wasimamizi huitwa “Administratoren”, na katika ya Kifaransa “Administrateurs”. Amri iliyoandikwa kwa jina la Kiingereza hukataliwa. Ikiandikwa kwa nambari, hukubaliwa kila mahali.

Makatazo ya aina nne

Kosa la watu wengi ni kuyachukua makatazo yote kuwa ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Kwa hakika yapo ya aina nne, na kila moja lina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni folda ambayo si folda. Katika diski kuu huonekana, kama mafaili yaliyofichwa yameruhusiwa kuonekana, kitu kiitwacho “Documents and Settings”. Ukikibonyeza hukataa. Kabla ya mwaka 2007 hilo lilikuwa jina la folda yenye mafaili ya watumiaji. Windows Vista ilipotolewa, mafaili hayo yalihamishiwa katika folda iitwayo “Users”. Ili programu za zamani zilizozoea njia ya kwanza zisipotee, pakaachwa kibao cha kuelekeza: atakayepita njia ya zamani kwa anwani kamili hupelekwa kwenye njia mpya. Kibao hicho kimewekewa katazo la makusudi la kuorodhesha yaliyomo. Hakuna kilichopotea, anayetaka mafaili hayo aende “Users”.

Katazo hilo lina sababu njema. Baadhi ya vibao hivi huelekeza nyuma kwenye folda ileile vilimowekwa. Ndani ya “ProgramData”, kwa mfano, mna kibao kiitwacho “Application Data” kinachoirudisha programu kwenye “ProgramData” yenyewe. Ukiliondoa katazo, programu ya kunakili itaingia humo, itarudi ilikotoka, itaingia tena, na kuzunguka hivyo hadi anwani iwe ndefu kupita kiasi. Mtu aliyedhani anaifungua njia huwa amechimba shimo. Ili kuvitambua vibao hivi, fungua dirisha la amri na uandike:

dir /AL C:\

Kila kitakachoandikwa “JUNCTION” ni kibao, na anwani kinakoelekeza itaonyeshwa mbele yake.

Aina ya pili ni chumba cha mitambo. Mafaili mengi ya Windows yenyewe, pamoja na folda iitwayo “WindowsApps”, mmiliki wake ni huduma iitwayo TrustedInstaller, ambayo kazi yake ni kuweka na kubadili sehemu za mfumo. Hata msimamizi haruhusiwi kuyabadili ovyo. Folda iitwayo “System Volume Information”, ambamo huwekwa kumbukumbu za kuirudisha mashine katika hali yake ya awali, imeachiwa mfumo peke yake. Makatazo haya hayakuletwa na mwenye mashine wa zamani; yangekuwapo hata katika kompyuta mpya kabisa. Yaacheni.

Aina ya tatu ni folda ya mtu aliyeondoka, yaani ile tuliyoieleza kwa mfano wa daftari. Hii ndiyo yenye kutibika, nayo ndiyo mwalimu wetu aliyoikuta.

Aina ya nne ni sanduku la fumbo. Hapa yaliyomo ndani ya faili, au diski nzima, yamegeuzwa kwa hesabu kuwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo. Diski iliyofungwa kwa BitLocker huomba ufunguo wa tarakimu 48. Folda iliyofumbwa na mtumiaji mmoja huonyesha alama ndogo ya kufuli kwenye mafaili yake. Kutwaa umiliki hakusaidii lolote, kwa maana hapa kizuizi hakimo katika daftari la mtunza ghala, kimo katika mali yenyewe. Ufunguo ukikosekana, mafaili hayo yamekwenda. Kilichobaki ni kuifuta diski na kuanza upya.

Hatua za kufuata

Tuseme basi umehakikisha kwamba katazo ni la aina ya tatu, na kwamba kilichomo ni mali ya shule. Pengine diski ya kompyuta ya zamani ya shule, iliyoharibika, imetolewa na kuunganishwa kwenye hii mpya, nayo sasa inaitwa D. Mitihani ya miaka kadhaa imo humo, nayo haifunguki. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: jua cheo chako. Andika amri “whoami /groups” utazame kama nambari S-1-5-32-544 imo. Kama haimo, wewe si msimamizi wa mashine hiyo, na hatua zifuatazo zitakataliwa. Kompyuta nyingine huuzwa zikiwa na mtumiaji wa kawaida tu, na neno la siri la msimamizi likabaki na mwenyewe wa zamani. Dawa ya hali hiyo tutaitaja baadaye.

Hatua ya pili: jaribu njia nyepesi. Tangu Windows Vista, hata msimamizi hufanya kazi zake za kawaida akiwa amevuliwa cheo chake kwa muda, na kila anapokihitaji huulizwa kwanza. Kwa hiyo folda hukataa, kisha hutokea dirisha lenye kitufe kiitwacho “Continue”. Ukikibonyeza, cheo chako hutumika, na nambari yako huongezwa katika orodha ya haki ya folda hiyo. Mara nyingi hilo latosha. Kama mafaili ni maelfu, kazi huchukua muda, usiikatize.

Hatua ya tatu: tunza nakala ya daftari kabla ya kulibadili. Fungua dirisha la amri kwa cheo cha msimamizi, kisha uandike, mathalani:

icacls D:\Users\Ofisi\Documents\Mitihani /save C:\daftari.txt /T /C

Amri hii huiandika orodha ya haki ya folda ya Mitihani na ya vyote vilivyomo, ili iweze kurudishwa mambo yakiharibika. Jina la mmiliki halimo katika nakala hiyo. Liandike pembeni kwenye karatasi.

Hatua ya nne: twaa umiliki.

takeown /F D:\Users\Ofisi\Documents\Mitihani /A /R /D Y

Herufi A huufanya umiliki uwe wa kundi la wasimamizi badala ya mtu mmoja, na R huagiza kazi iendelee katika folda zote za ndani. Herufi Y ya mwisho ni jibu la “ndiyo” kwa Kiingereza. Katika Windows ya Kijerumani huandikwa J. Anayependa kutumia kipanya kuliko amri aibofye folda kwa kitufe cha kulia, aende “Properties”, kisha “Security”, kisha “Advanced”, na hapo abadili jina lililo mbele ya neno “Owner”.

Hatua ya tano: jiandikie ruhusa. Kumbuka kwamba umiliki peke yake si ruhusa ya kusoma. Ni haki ya kulibadili daftari.

icacls D:\Users\Ofisi\Documents\Mitihani /grant *S-1-5-32-544:(OI)(CI)F /T /C

Herufi F ina maana ya haki zote. Alama zilizomo katika mabano huagiza kwamba mafaili na folda zitakazoundwa humo baadaye zirithi ruhusa hiyo.

Hatua ya sita: nakili mafaili uyahitajiyo kwenye folda yako. Nakala ni faili jipya. Nalo huchukua haki za folda lilimozaliwa, si za kule lilikotoka. Kwa njia hiyo mabaki ya watumiaji wa zamani huachwa nyuma.

Msomaji ataona kwamba tumeitaja folda moja tu ya kazi, wala si diski nzima. Hilo tumelifanya kwa makusudi. Diski ya zamani ina vibao vyake vya kuelekeza, na kila kibao kimehifadhi anwani kamili. “Documents and Settings” iliyomo katika D inaelekeza bado C. Anayeagiza amri ipite katika diski yote ya D aweza, bila ya kujua, kuvuka na kuyabadili mafaili ya C, yaani mfumo ule anaoutumia wakati huohuo.

Hatari ya kufungua milango yote

Lipo shauri litolewalo mara kwa mara na mafundi wenye haraka: litwae diski lote la C, mpe “kila mtu” haki zote, na usumbufu utakwisha. Katazo kweli hutoweka, lakini ulinzi nao hutoweka pamoja nalo.

Mwaka 1975 wanasayansi wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala mashuhuri juu ya kulinda habari ndani ya kompyuta. Mojawapo ya kanuni walizozitaja ni kwamba kila mtumiaji na kila programu ipewe haki zile tu zinazohitajika kwa kazi yake, na zisizidi. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Programu yoyote uiendeshayo hufanya kazi kwa haki zako. Ukiwa na haki ya kubadili mafaili ya mfumo, kirusi kilichokuja na flashi ya mwanafunzi kinayo pia. Ukiwa huna, kirusi nacho kitaambiwa maneno yaleyale yaliyokuudhi: hakuna ruhusa.

Katika shule hatari ina sura nyingine. Mashine moja hutumiwa na walimu na wanafunzi. Folda ya maksi iliyofunguliwa kwa “kila mtu” huweza kusomwa na kubadiliwa na mwanafunzi yeyote aketiye hapo. Tena maksi ikibadilishwa hivyo, mashine haitaacha alama ya kuonyesha kwamba amri ilivunjwa, kwa maana hakuna amri iliyovunjwa; ruhusa ilitolewa. Mwalimu aliyekusudia kuokoa dakika kumi atakuwa ameyatia shakani matokeo ya darasa zima.

Isitoshe, uharibifu huo haurudishiki kwa urahisi. Mafaili ya Windows ni maelfu kwa maelfu, na orodha zake za haki hutofautiana. Amri “sfc /scannow” hurekebisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika, lakini haikuundwa ili irudishe kila orodha ya haki ya diski nzima. Aliyekwisha kuzifuta zote mara nyingi hulazimika kuuweka mfumo upya.

Ipi dawa iliyo bora?

Baada ya maelezo haya yote, yafaa tuseme waziwazi kwamba kwa kompyuta iliyonunuliwa kwa mtu usiyemjua, na isiyo na faili lolote ulihitajilo, tiba bora si kuyabembeleza makatazo moja moja. Ni kuifuta diski na kuweka mfumo mpya wa uendeshaji. Kwa njia hiyo watumiaji wa zamani huondoka pamoja na nambari zao, maneno yao ya siri, na programu za siri ambazo pengine wameziacha bila kukusudia. Hii pia ndiyo dawa ya mashine ambayo neno la siri la msimamizi halijulikani.

Kabla ya kulipa fedha, hata hivyo, mnunuzi aiwashe mashine mbele ya muuzaji na kutazama mambo mawili. Kwanza, je, inaomba neno la siri kabla hata Windows haijaanza? Pili, je, mfumo ukiwekwa upya, unadai jina la kampuni au taasisi fulani? Yote mawili yaonyesha kwamba mashine bado imefungamanishwa na mwenyewe wa zamani, arudishiwe muuzaji. Mnunuzi akumbuke pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa mashine hizo mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, hufaa sana kwa kazi za shule. Nao una daftari lake la haki, lililorithiwa kutoka Unix ya mwaka 1969.

Jaribio la darasani

Walimu wa somo la kompyuta waweza kuyaonyesha mambo haya kwa mashine moja na flashi moja. Kwanza, msimamizi aandikishe watumiaji wawili wa kawaida, Asha na Juma. Kila mmoja aingie kwa zamu na kuandika “whoami /user”. Darasa linakili nambari zote mbili na kuona kwamba zinatofautiana mwishoni tu. Pili, Asha aandike barua fupi na kuihifadhi katika folda yake ya “Documents”. Juma ajaribu kuifungua folda ya Asha ndani ya “Users”. Atakataliwa.

Tatu, Asha ainakili barua yake kwenye flashi iliyotayarishwa kwa FAT32. Sasa Juma ataisoma bila kizuizi chochote, na akitazama “Properties” za faili hilo hataona sehemu ya “Security”, kwa sababu FAT haina daftari. Nne, msimamizi amfute Juma, kisha amwandikishe tena kwa jina lilelile. Nambari itakuwa mpya. Wanafunzi waulizwe: je, Juma huyu wa pili atayafungua mafaili ya Juma wa kwanza? Wajibu kwanza kwa hoja, ndipo wajaribu.

Mali ya mwingine

Lipo jambo la mwisho, nalo si la ufundi. Tumeona kwamba daftari la haki lina nguvu kwa sababu tu mtunza ghala analiheshimu. Mashine ikiwashwa kwa Linux iliyomo katika flashi, mtunza ghala huwa ni mwingine, ambaye kwa kawaida halifuati daftari la Windows. Na folda zilizokuwa zikikataa hufunguka mara moja. Ruhusa ya folda, basi, ni makubaliano. Kinachoweza kuilinda diski iliyokwisha kutoka mikononi mwako ni usiri wa fumbo tulioutaja katika aina ya nne, au kuifuta kabisa.

Kutokana na hayo mnunuzi na muuzaji wote wana wajibu. Mnunuzi akikuta barua, picha au hesabu za mtu mwingine, kuweza kuzifungua si sawa na kuwa na haki ya kuzisoma, azifute. Sheria nazo zinalitazama jambo hili: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria zake za mwaka 2018 na 2019. Naye muuzaji, au shule inayogawa kompyuta zake za zamani, asidhani kwamba neno la siri litayatunza majina na maksi za wanafunzi wake. Aitishe kwanza amri ya kufuta kila kitu na kuisafisha diski, ndipo aiachie mashine iende.

Kwa hiyo siku kompyuta itakapokukatalia, usikimbilie kuvunja. Uliza kwanza maswali matatu: Hii ni folda kweli, au ni kibao cha njia? Mmiliki wake ni nani? Na kilichomo ni cha nani? Majibu yakipatikana, kazi iliyobaki ni ya dakika chache.